Kizuizi kinachofungua: vimeng'enya na mfereji wa kalsiamu katika seli ya moyo

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Ninasomea fiziolojia na niko kwenye mradi wa mwisho. Tunapima mkondo wa kalsiamu kwenye seli za ventrikali za panya wa maabara. Nilipoweka IBMX, mkondo ulipanda. Nilipoweka asidi ya okadai, ukapanda pia. Nilipoweka H-89, ukashuka. Zote tatu zinaitwa vizuizi vya vimeng'enya, na mimi nilidhani kazi ya kizuizi ni kuzuia. Mbona viwili vinaongeza na kimoja kinapunguza? Na je, H-89 ikiushusha mkondo, nimethibitisha kwamba kimeng'enya cha PKA ndicho kilichokuwa kikiupandisha? La mwisho si la darasani: mama anatumia amlodipini, dawa ya presha, na mfamasia amemkataza klarithromaisini, ambayo ni antibiotiki, kwa kuwa ni kizuizi cha kimeng'enya. Ni jambo lile lile?"

Marahaba, mwanangu. Naanza na la mama, maana yeye ndiye anayemeza vidonge. Wewe unaweza kusubiri aya mbili.

Si jambo lile lile. Amlodipini ni kizuizi cha mfereji. Molekuli yake hujishikiza kwenye protini ya mfereji wa kalsiamu wenyewe, hasa ile iliyo kwenye misuli ya kuta za mishipa ya damu, mshipa ukalegea na presha ikashuka. Klarithromaisini haina shughuli na mfereji huo. Inachobana ni kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, kilichomo kwenye ini na kwenye ukuta wa utumbo, ambacho ndicho kinachoichambua amlodipini ili mwili uiondoe. Kimeng'enya kikibanwa, kidonge kile kile cha kila siku kinabaki kwenye damu kwa wingi kuliko daktari alivyokusudia. Ni kama dozi imeongezwa bila mtu kuiandika. Kwa wazee, mchanganyiko huo umeonekana kushusha presha kupita kiasi na kuongeza hatari ya figo kudhurika ghafla. Mfamasia wenu amefanya kazi yake vizuri.

Mama asiache amlodipini kwa hofu. Siku akihitaji antibiotiki, amtajie anayemwandikia dawa zote anazotumia, kwa sababu wapo ndugu wa klarithromaisini, azithromaisini kwa mfano, ambao hawaibani CYP3A4 namna hiyo. Jambo la namna hiyo hiyo lilionekana kwa bahati mwishoni mwa miaka ya 1980, pale watafiti nchini Kanada walipotumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe katika jaribio la felodipini, dawa ya ukoo mmoja na amlodipini, wakakuta kiwango cha dawa kwenye damu kiko juu sana kuliko walivyotarajia. Balungi hubana CYP3A4 ya utumboni. Amlodipini haisumbuliwi na balungi kama felodipini, lakini kanuni ndiyo hiyo: kizuizi kimegusa kimeng'enya, na kimeng'enya hicho hakiko moyoni wala hakijui kama moyo upo.

Sasa ya kwako.

Seli ya moyo iliyotulia ina kalsiamu huru kidogo mno ndani yake, takriban nanomola 100, na nje yake ipo milimola 1 hadi 2. Tofauti ni mara elfu kumi na zaidi. Kwa hiyo kalsiamu iko mlangoni muda wote, inasukuma. Umeme wa utando ukipanda kutoka milivolti −80 hivi na kupita −40, mifereji ya kalsiamu iitwayo ya aina ya L inafunguka, kalsiamu kidogo inaingia, nayo inaigusa hifadhi ya ndani ya seli, ambayo inamwaga kalsiamu nyingi zaidi, na hapo msuli unakaza. Sydney Ringer aliuona umuhimu wa kalsiamu London mwaka 1883: moyo wa chura uliendelea kupiga katika maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya bomba, ukafifia ulipowekwa katika yale ya maji yaliyokenekwa, mpaka alipoirudisha kalsiamu iliyokuwa imekosekana. Mkondo wenyewe, yaani umeme unaobebwa na kalsiamu inayoingia, unaoupima wewe leo, ulielezwa na Harald Reuter mwaka 1967 kwenye nyuzi za Purkinje, zile zinazosambaza umeme moyoni.

Mfereji si kimeng'enya. Ni tundu lenye mlango. Lakini mlango huo haufunguki kwa umeme peke yake. Upo mnyororo wa vimeng'enya unaoamua utafunguka kwa wepesi kiasi gani. Adrenalini inakigusa kipokezi cha beta juu ya utando. Kipokezi kinaiamsha adenilili saiklesi, kimeng'enya kinachotengeneza cAMP, molekuli ndogo inayopeleka ujumbe ndani ya seli, kutokana na ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. cAMP inaiamsha protini kinasi A, yaani PKA, nayo PKA inachukua fosfeti kutoka kwenye ATP na kuibandika kwenye protini zilizo kwenye mfereji na jirani zake. Mfereji ukishapata huduma hiyo unafunguka mara nyingi zaidi na kwa vipindi virefu zaidi, na mkondo unaweza kupanda mara mbili, mara tatu, hata zaidi.

Hiyo ni njia ya kwenda. Kuna ya kurudi. Fosfodiesterasi, ambazo tunaziita PDE, zinaivunja cAMP. Fosfatesi, hasa PP1 na PP2A, zinaibandua fosfeti iliyobandikwa na PKA. Njia zote mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja, usiku na mchana, hata kama hakuna adrenalini ya kuonekana. Mkondo uliouona kabla hujaweka dawa yoyote ulikuwa tayari ni matokeo ya mvutano huo.

IBMX inabana PDE. Asidi ya okadai inabana fosfatesi. H-89 inabana PKA. Viwili vya kwanza vimemfunga mikono anayeondoa, na kilichokuwa kikiwekwa kikarundikana. Cha tatu kimemfunga mikono anayeweka. Kila kizuizi kimezuia, tena kwa uaminifu, isipokuwa walichozuia si kitu kimoja. Ukitaka kutabiri mkondo utaelekea wapi, usiangalie neno "kizuizi" kwenye chupa. Angalia kimeng'enya hicho kilikuwa kinafanya kazi gani kwenye seli hiyo, dakika hiyo, kabla hujakigusa.

Nimeweka maneno "dakika hiyo" makusudi, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoteleza hata baada ya kuelewa hayo ya juu. Chukua pipa lenye tundu chini na bomba juu yake. Ukiziba tundu huku bomba linamwaga, maji yatapanda. Ukiziba tundu huku bomba limefungwa, maji yatabaki pale pale, na mtu asiyejua habari ya bomba atasema kuziba tundu hakuna faida. Seli za ventrikali ya chura ziko karibu na hali ya bomba lililofungwa: adenilili saiklesi yake inatengeneza cAMP kidogo sana wakati wa utulivu, hivyo IBMX ikimwagwa peke yake mkondo hausogei sana. Ongeza isoprenalini kidogo, ambayo ni ndugu wa adrenalini, ile kiasi tu cha kufungua bomba nusu, kisha weka IBMX: mkondo unaruka. Seli nyingi za mamalia zina bomba linalochuruzika muda wote, ndiyo maana panya wako waliitikia bila kusaidiwa.

Hata kwa panya hao kuna jambo la kuangalia. IBMX inabana karibu kila aina ya PDE kwa pamoja. Ungetumia kizuizi cha PDE3 peke yake, au cha PDE4 peke yake, kwenye ventrikali ya panya aliyetulia, pengine usingeona kitu. Jaribio la namna hiyo lilichapishwa mwaka 1999: kila kizuizi kikiwa peke yake mkondo ulibaki ulivyo, viwili vikiungana ukapanda sana. Pipa lina matundu mawili, na tundu moja linatosha kutoa maji yote yanayoingia. Mwanafunzi anayejaribu kizuizi kimoja na kuandika kwamba PDE4 haihusiki na mkondo wa kalsiamu wa panya atakuwa ameandika jambo lisilo kweli kutokana na kipimo kilichopimwa vizuri kabisa. Na ukihamia kwa binadamu mizani inabadilika tena, kwa kuwa kwenye moyo wa mtu PDE3 inabeba sehemu kubwa ya kazi kuliko kwa panya.

Mahali nako kuna maana yake. Mwaka 1996 Jonas Jurevicius na Rodolphe Fischmeister waliigawa seli moja ya moyo wa chura kwa namna ambayo nusu yake iliogeshwa kwa isoprenalini na nusu nyingine haikuguswa. Mifereji ya upande ulioguswa iliamka kwa nguvu; ya upande wa pili iliamka kwa shida. PDE zilikuwa zinaivunja cAMP njiani kabla haijafika mbali. Zilipobanwa kwa IBMX, habari ilivuka mpaka upande wa pili. Kwa hiyo PDE kazi yake si kupunguza cAMP tu. Ni ukuta pia. Unaipa seli uwezo wa kusema jambo kwenye pembe moja bila seli nzima kulisikia. Unapoweka IBMX, pamoja na kuongeza cAMP, unabomoa kuta za vyumba, na mfereji unaanza kusikia maneno ambayo hakuambiwa yeye. Binafsi naona hii ni moja ya habari nzuri kuliko zote katika fiziolojia ya moyo, na inasikitisha kwamba vitabu vingi vinaipitia kwa sentensi moja.

Asidi ya okadai nitaisema kwa ufupi. Ilitengwa kutoka kwa sifongo wa baharini aitwaye Halichondria okadai, ingawa watengenezaji wake hasa ni viumbe wadogo wa majini ambao sifongo na kome huwachuja. Ndiyo hiyo inayowaharisha watu wanaokula kome waliochafuliwa. Inaibana PP2A kwa viwango vya chini kabisa, karibu na nanomola moja kushuka, na PP1 inahitaji makumi ya nanomola. Inapenya utando polepole, kwa hiyo mpe muda kabla hujaandika kwamba hakuna badiliko. Vaa glavu; ni sumu na inachochea uvimbe wa saratani kwa wanyama wa maabara. Kwa suala lako, jambo la kukumbuka ni kwamba nayo inategemea bomba. Fosfatesi ikibanwa, fosfeti itarundikana ikiwa tu kuna kinasi inayoibandika. Na hiyo kinasi si lazima iwe PKA.

Twende kwa PKA, maana swali lako la pili ndilo zito.

Kwamba PKA inaupandisha mkondo halina ubishi. Earl Sutherland aliigundua cAMP miaka ya 1950 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Mwaka 1982 kikundi kimoja kilidunga PKA ndani ya seli za moyo za simbilisi: walipodunga kipande cha kimeng'enya kinachofanya kazi ya kubandika fosfeti, mkondo ulipanda, walipodunga kipande kinachokifungia, ulishuka. Hakukuwa na adrenalini wala kipokezi katikati. Huo ndio ushahidi wa moja kwa moja, na nakushauri uuweke akilini kama kipimo cha jinsi ushahidi mzuri unavyoonekana.

Kilichobaki na ubishi kwa karibu miaka arobaini ni fosfeti ilikokuwa inabandikwa. Kila mtu alidhani ni kwenye mwili wa mfereji wenyewe. Ilipatikana serini (moja ya asidi amino zinazounda protini) namba 1928 kwenye mkia wake, PKA inaibandika vizuri tu kwenye mrija wa majaribio, na vitabu vikaanza kuichora. Mwaka 2008 wakatengenezwa panya ambao serini hiyo imeondolewa. Moyo wao uliendelea kuitikia isoprenalini kama kawaida. Wakajaribiwa wengine ambao sehemu zote za mfereji zinazofanana na mahali pa PKA zimeondolewa, nao wakaitikia. Wakati huo huo, watu waliouweka mfereji kwenye seli za figo zinazokuzwa maabara walikuwa wakilalamika kwamba humo hausikii PKA hata kidogo. Kulikuwa na mtu aliyekosekana.

Mwaka 2020 kundi lililoongozwa na Steven Marx wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, liliweka alama kwenye protini zote zinazokaa karibu na mfereji ndani ya moyo wa panya, kisha likaangalia nani anaondoka isoprenalini inapoingia. Aliyeondoka ni Rad, protini ndogo inayojishikiza kwenye kipande cha beta cha mfereji na kuutuliza. PKA inaibandika fosfeti Rad, Rad inaachia, mfereji unakuwa huru. Walipoiongeza Rad kwenye zile seli za figo, mfereji ukaanza kuisikia PKA. Kwa maneno mengine, PKA haiuchochei mfereji, inamwondoa anayeubana. Ona jinsi hata hapa kilichoonekana kama kuchochea ni kuondolewa kwa kizuizi.

Sasa H-89. Inaibana PKA kwenye mrija kwa takriban nanomola 50, na hilo ndilo linalofanya watu waiamini. Lakini inafanya hivyo kwa kujikalisha kwenye kishimo ambacho ATP hukaa, na ndani ya seli ATP iko kwa milimola kadhaa, inagombania nafasi hiyo hiyo. Ndiyo maana kwenye seli watu hutumia mikromola 10, mara mia mbili ya kile kipimo cha mrijani. Kishimo cha ATP kiko kwenye kila kinasi, na vingi vinafanana. Ilipojaribiwa dhidi ya kinasi nyingine mwaka 2000, ilionekana kuzibana kadhaa, zikiwemo ROCK, S6K1 na MSK1, kwa nguvu sawa na PKA au kuizidi. Aidha inaweza kukifunga kipokezi cha beta chenyewe, kabla hata cAMP haijatengenezwa. Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana, hujathibitisha. Umeonyesha kwamba matokeo yako hayapingani na PKA. Ni jambo la maana, ila ni jambo dogo kuliko lile uliloliuliza.

Na H-89 si mkosaji peke yake. KN-93 inauzwa kama kizuizi cha CaMKII, kinasi nyingine inayoupa mfereji nguvu pale kalsiamu inapojirudia haraka, lakini yenyewe inaubana mfereji wa aina ya L moja kwa moja. Mbaya zaidi, KN-92, ambayo watu huiweka pembeni kama pacha asiye na nguvu ili kulinganisha, nayo imeonekana kuubana mfereji. Mtu akikuta KN-93 imeushusha mkondo na KN-92 imeushusha kidogo, anaandika tofauti ndiyo CaMKII. Pengine. Pengine ni tofauti tu ya jinsi molekuli mbili zinavyokaa kwenye tundu moja. Jenisteini, inayobana kinasi za tairosini, ina kesi ya namna hiyo hiyo.

Mfano ninaoupenda zaidi unakwenda upande wa pili. Ukiing'oa sehemu ya utando na kuiacha kwenye ncha ya pipeta, kile kijibomba chembamba cha kioo cha kupimia mkondo, mifereji ya L huzimika ndani ya dakika chache. Ilidhaniwa kwamba kalpaini, kimeng'enya kinachokata protini, inaila mifereji hiyo. Watafiti wa Japani wakaweka kalpastatini, ambayo ndiyo kizuizi cha asili cha kalpaini, na mifereji ikaamka. Dhana ikaonekana imekubalika. Kisha wakaikata kalpastatini vipande na kujaribu kimoja kimoja: kipande kilichoamsha mfereji ni kile kisichoweza kuizuia kalpaini kabisa. Kizuizi kilikuwa kinafanya kazi kweli, ila si kazi iliyokipa jina.

Nilipokuwa kijana kwenye kazi hii nilitumia miezi mingi nikifukuza athari ya kinasi ambayo mwishowe ilikuwa dawa yenyewe ikiziba tundu la mfereji. Hakuna aliyenidanganya. Nilisoma jina kwenye chupa nikaliamini. Ndiyo sababu nakuandikia kwa kirefu hivi.

Utafanyaje basi? Tafuta PKI, protini ndogo ambayo mwili wenyewe huitumia kuituliza PKA, au kipande chake kifupi kinachouzwa. Haikai kwenye kishimo cha ATP. Inajifanya kuwa ile protini ambayo PKA ilitaka kuibandika, na kwa sababu hiyo inachagua vizuri kuliko H-89. Haipenyi utando kirahisi, lakini wewe unatumia pipeta iliyofungua seli, kwa hiyo itie ndani ya pipeta. Rp-cAMPS nayo ni nzuri, kwa kuwa inakaa mahali pa cAMP bila kuiamsha PKA. Ukipata jibu moja kwa H-89, kwa PKI na kwa Rp-cAMPS, dawa tatu zinazoingia kwa milango mitatu tofauti, hapo unaweza kuanza kuandika jina la PKA kwa kalamu ya wino.

Kipimo ambacho kingenisaidia mimi wakati ule ni hiki: tia PKI kwanza, subiri, kisha mwaga H-89 juu yake. Kama H-89 inafanya kazi kupitia PKA, haitakuwa na la kufanya tena. Kama mkondo unashuka hata hivyo, unaangalia kitu kingine, na ni bora ujue leo kuliko mbele ya watahini. Geuza pia upande wa pili. Tia PKI, halafu asidi ya okadai. Ikiwa okadai bado inaupandisha mkondo, kuna kinasi nyingine inayobandika fosfeti, na huo ni ugunduzi wenye thamani zaidi kuliko ule uliokuwa ukiutafuta.

Usisahau kwamba mkondo wa kalsiamu hupungua wenyewe kadiri muda unavyokwenda, hata usipoweka chochote. Lazima uwe na seli ulizozipima kwa dakika zile zile bila dawa. Bila hizo, kushuka kulikosababishwa na H-89 na kushuka kwa uchovu wa seli havitofautiki. Pima kilele cha mkondo na pima pia eneo lote chini ya mchoro wake, kwa sababu kalsiamu inayoingia ndiyo yenyewe inayoufunga mfereji kupitia kalmodulini, protini inayoihisi kalsiamu. Mkondo ukipanda unaweza kujifunga haraka zaidi, na kilele pekee kitakudanganya kuhusu kiasi cha kalsiamu kilichoingia. Ukibadilisha kalsiamu ya nje kwa bariamu utaona kufunga huko kukipungua sana, na hilo litakusaidia kutenganisha.

Kuhusu kafeini, kwa kuwa najua utaifikia: ni kizuizi cha PDE, Butcher na Sutherland walilionyesha hilo mwaka 1962, lakini kwenye seli ya moyo milimola 10 zinazotumika maabara zinaufungua pia mlango wa hifadhi ya ndani na kuimwaga kalsiamu yote. Usiitumie kama badala ya IBMX. Na mnywaji wa kahawa hana milimola 10 kwenye damu. Ana makumi ya mikromola, ambako kafeini inafanya zaidi kazi ya kuvibana vipokezi vya adenosini.

Kuna sababu ya haya kutokaa kwenye meza ya maabara tu. Milrinoni ni kizuizi cha PDE3. Inapandisha cAMP, kalsiamu inaongezeka, moyo dhaifu unapiga kwa nguvu, na mgonjwa anajisikia vizuri siku hiyo. Ilionekana kuwa jambo la busara kuwapa wagonjwa wa moyo ulioshindwa vidonge vyake kila siku. Jaribio lililohusisha wagonjwa 1,088 likachapishwa mwaka 1991: waliopewa milrinoni ya kumeza walikufa kwa asilimia 28 zaidi ya wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ilibidi lisimamishwe kabla ya wakati wake. Moyo uliosukumwa kwa kalsiamu zaidi kila siku unakabiliwa na mapigo ya hatari, na kuta zile za cAMP nilizokueleza zilikuwa zimebomolewa kwa miezi mfululizo. Milrinoni bado inatumika, kwa mshipa, kwa kawaida kwa siku chache, mgonjwa akiwa chini ya uangalizi. Kila ninapofundisha habari ya PDE naanza na wale wagonjwa, kwa sababu mchoro wa mishale kwenye ubao ulikuwa sahihi kabisa na bado watu walikufa.

Sasa nenda maabara. PKI ndani ya pipeta, mpe dakika kumi isambae, hakikisha mkondo umetulia, ndipo umwage IBMX. Mkondo usipopanda, una hoja. Ukipanda, niandikie tena, na unitumie mchoro wa seli zisizowekewa dawa pamoja na huo.